Uzi wa waimbaji wa prog: taja wako, halafu utuambie kwa nini

KasetiYaMjomba

Wakuu, heshima mbele.

Najua mpo. Mchana mnabishana kwenye nyuzi za mpira na siasa, usiku mnaziba masikio na Yes au King Crimson na hamumwambii mtu. Leo tokeni.

Kwa wapitaji: prog ni ile roki ya progresivu iliyochipuka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Wimbo mmoja unajaza upande mzima wa santuri, kinanda kinanguruma kama kanisani, mdundo unahesabiwa saba badala ya nne. Unaanza kutikisa kichwa, ghafla unagundua umebaki peke yako, bendi imeshahamia kwingine.

Sasa shida yangu ni hii. Watu wa prog wakikutana wanaongelea vidole tu. Nani ana kasi kwenye gitaa, nani ana vinanda vingapi jukwaani. Mimi nataka tuongelee koo. Muziki wenyewe ni mtambo mkubwa wenye vipuri vingi, na anayekushika mkono humo ndani dakika 20 ni yule mmoja anayeimba. Akilegea yeye, unabaki unawatazama mafundi wakionyeshana ujuzi.

Wangu ni Peter Gabriel, yule wa Genesis kabla hajaondoka 1975. Mjomba wangu alikuwa baharia. Alirudi Tanga na kaseti aliyojirekodia mwenyewe, upande mmoja "Supper's Ready" ya 1972, upande wa pili "Mario" ya Franco. Kwetu hakuna aliyelalamikia urefu. "Mario" inakwenda kama dakika 14, na taarab ndiyo usiseme, ukumbi mzima unaweza kupita kutunza na ubeti bado haujaisha. Kwa hiyo dakika 23 za Genesis hazikumshtua mtu. Bibi aliuliza jambo moja tu: "Humo ndani wako wazungu wangapi?"

Yuko mmoja, bibi. Hapo ndipo ulipo utamu wake. Gabriel hana sauti nzuri, ina mchanga ndani yake. Lakini ndani ya wimbo mmoja anakuwa mzee, anakuwa mtoto, anakuwa mhubiri, anakuwa kichaa wa stendi, na kila mmoja unamwona sura. Na yale mavazi yalikuja hivi: bendi ilikuwa na magitaa ya nyuzi 12, kuyatuni ni kazi, ukumbi unakaa kimya, basi yeye akawa anajaza kimya kile kwa hadithi. Kutoka hadithi akaingia kwenye vinyago. Mwaka 1972 huko Dublin alitokea jukwaani na gauni jekundu la mkewe na kichwa cha mbweha, wenzake hawana habari.

Tajeni wenu. Ukitaja jina bila sababu nakuhesabu mpita njia.

KarangaZaMoto

Nimekaa siti ya mbele na mfuko wangu. Endeleeni.

SautiYaTatu

Mleta uzi umenigusa, mimi nafundisha kwaya na hii ni siri yangu ya miaka mingi. Wangu ni Jon Anderson wa Yes na sitaki mjadala. Basi tu, nitajadili.

Wanakwaya watanielewa. Yule mtu ni mwanaume anayekaa kwenye sauti ya pili, ya akina mama, na anakaa huko kwa raha zake. Wengi wakimsikia mara ya kwanza wanadhani anabana koo kujifanya mwanamke. Habani. Ndiyo sauti yake ya kuzaliwa. Ukibana koo, sauti inapungua nguvu na inakuwa na upepo upepo. Sikiliza yake huko juu, imenyooka kama uzi wa fundi seremala. Anatoka Accrington, kaskazini mwa Uingereza, familia ya kawaida kabisa, amewahi kufanya kazi shambani na kusambaza maziwa kabla ya muziki.

Halafu msisahau anaowapanga nyuma yake. Chris Squire, mpiga besi, alikulia kwenye kwaya ya kanisa, na inasikika. Katika "Close to the Edge" ya 1972, ile sehemu ya katikati bendi inapotulia, sauti zinaingia kwa kupishana, huyu anapanda na mwingine anashuka na maneno tofauti, kisha linaingia kinanda la mabomba. Lile walikwenda kulirekodi kanisani kweli, St Giles Cripplegate pale London. Nimewahi kuwapigia wanakwaya wangu kipande hicho bila kuwaambia ni nini. Mmoja akauliza ni wimbo wa Kwaresima?

Mkosoaji_Mstaafu

Mwalimu, hebu tafsiri basi Jon Anderson anaimba NINI. Nina miaka 30 na nyimbo zake, sijui hata moja inahusu nini. Milima inatoka angani, inasimama pale. Sawa. Halafu?

SautiYaTatu

Mkuu, wewe ukiimbiwa misa ya Kilatini unaelewa maneno mangapi? Na machozi yanakutoka. Anderson anachagua neno kwa jinsi linavyofungua mdomo, maana inafuata nyuma ikipenda.

Mkosoaji_Mstaafu

Kilatini kina maana, padri anaijua. Huyu hata yeye hajui.

Mimi nataka mwimbaji aliye na neno la kusema. Greg Lake. Albamu ya kwanza ya King Crimson, Oktoba 1969, maneno ya Peter Sinfield, na Lake anaimba "Epitaph" kama mtu anayesoma wosia mbele ya familia. Hapandi juu bila sababu, hachezi na noti, kila neno unalisikia hadi herufi ya mwisho. Baadaye akaenda ELP, yaani Emerson, Lake na Palmer, huko ndiko alikokuwa anasimama jukwaani juu ya zulia la Kiajemi kama sultani, watu wakamcheka. Wacha wacheke. Alifariki Desemba 2016, miezi tisa baada ya Keith Emerson. Mwaka ule ulikuwa mbaya.

Na kabla mtu hajaniletea John Wetton, wa King Crimson ya baadaye: naye namkubali. "Starless" ya 1974 ni msiba. Ila Lake ndiye aliyefungua mlango.

Nyoka_wa_Kibisa

Wazee mnaongelea marehemu tu. Mikael Åkerfeldt wa Opeth, Sweden. Mtu mmoja, makoo mawili. Dakika hii ananguruma kama simba wa Mikumi, dakika inayofuata anaimba laini ungedhani anambembeleza mtoto. Blackwater Park, 2001. Kuanzia Heritage ya 2011 akaacha kunguruma kwenye albamu, sisi vijana tukaweka msiba, mpaka 2024 akarudi nako. Nilipiga kelele chumbani jirani akazima redio yake.

Mkosoaji_Mstaafu

Kunguruma si kuimba.

Nyoka_wa_Kibisa

Shikamoo mzee.

Mkosoaji_Mstaafu

Marahaba. Bado si kuimba.

BintiPangani

Nimesoma mpaka hapa. Wanaume, wanaume, wanaume, na simba wa Mikumi. Hivi hamjamsikia Annie Haslam?

Renaissance, bendi ya Waingereza, yeye aliingia mwanzoni mwa 1971. Alikuwa amefundishwa na mwalimu wa opera, na mapafu yake ni ya mpiga mbizi wa Kojani. Kwenye "Ashes Are Burning" ya 1973, ile noti yake ya mwisho anaipandisha na kuiacha huko juu mpaka wewe msikilizaji ndiye unaishiwa pumzi. Renaissance hawakutegemea gitaa la umeme la kupiga mayowe, walitegemea piano na sauti yake. Kwa hiyo mleta uzi, ukisema prog ni koo, ungeanza kwake, maana kule koo ndilo lilibeba mzigo wote.

Na maneno mengi aliyoimba yaliandikwa na mwanamke, Betty Thatcher, mshairi aliyekuwa anaishi Cornwall. Muziki unakwenda kwa posta, mashairi yanarudi kwa posta. Mkosoaji, mashairi yana maana, usiogope.

La pili, na hili linaniudhi kidogo. Kila mtu humu ana The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd. Ule wimbo wa mwisho wa upande wa kwanza, mwanamke analia, anabembeleza, anapayuka, hakuna neno hata moja. Anaitwa Clare Torry. Januari 1973 aliitwa studio ya Abbey Road siku ya Jumapili, akaambiwa wimbo ni wa kifo, hauna maneno, imba. Akajifanya yeye ni ala ya muziki, akarekodi mara chache, akapewa pauni 30, kwa sababu Jumapili malipo yalikuwa mara mbili. Akaenda zake akidhani hawatautumia. Albamu ikauza mamilioni kwa mamilioni. Mwaka 2004 akawashtaki, 2005 wakamalizana nje ya mahakama, na tangu hapo jina lake linaandikwa kama mtunzi pamoja na Richard Wright.

Pauni 30. Kwenye orodha ya waimbaji wa prog yeye hayumo, eti alikuwa mgeni wa siku moja. Mgeni wa siku moja kaacha kitu ambacho wenyeji hawajawahi kukifikia.

KasetiYaMjomba

Dada nimenyamaza. Ile sauti nilikuwa nadhani ni mwanamke wa kwaya tu. Naongeza jina lake juu.

Mlango_wa_Shangani

Assalam alaykum. Nasoma uzi tangu jana nikisema labda leo mtu atamtaja, hakuna. Mnakwenda Accrington, mnakwenda Sweden, mtoto wa Mji Mkongwe mnampita mlangoni.

Farrokh Bulsara, Freddie Mercury wa Queen, kazaliwa hapa Unguja 5 Septemba 1946. Babaake alikuwa mtunza fedha wa mahakama. Kasomeshwa bweni India, familia ikaondoka 1964 baada ya Mapinduzi. Nyumba ya makumbusho yake iko Shangani, ilifunguliwa 2019, watalii hawaishi mlangoni.

Mkosoaji_Mstaafu

Ndugu yangu, Queen si prog.

Mlango_wa_Shangani

Nilijua tu. Hebu niambie wewe, Queen II ya 1974 umeisikiliza? Upande mmoja Mweupe, upande mmoja Mweusi, mazimwi na malkia, "The March of the Black Queen" inabadilika mara ngapi? Na mwaka uliofuata "Bohemian Rhapsody", karibu dakika sita, haina kiitikio, inaanza kama kwaya, inapita opera, inaishia kwenye roki. Ingekuwa kaimba Muingereza mwenye nywele hadi kiunoni mngesema prog tupu.

Na mwengine nani katika hao wenu aliyetia "Bismillah" ndani ya roki, kaiimba kwa sauti zilizopangwa ghorofa kwa ghorofa?

SautiYaTatu

Kwa upangaji wa sauti pekee mimi natoa kibali. Zile sauti ni watu watatu tu, Freddie, Brian May na Roger Taylor, wakajirudufu juu ya kanda mpaka wakawa umati. Wanakwaya wangu 40 hawawezi.

KasetiYaMjomba

Mlango, natoa kibali nusu. Albamu tatu za mwanzo ni prog au jirani yake wa ukuta mmoja. Baada ya hapo ni kitu chao wenyewe. Kama mwimbaji, hana mpinzani, hilo sibishi.

Mlango_wa_Shangani

Nusu naipokea. Nyengine nitaidai.

NairobiYaBaridi

Niaje watu wa prog. Kura yangu ni Geddy Lee, Rush, Canada. Najua, najua, mnasema anaimba kama paka aliyekanyagwa mkia. Miaka ya albamu yao ya "2112", yaani 1976, hata mimi nilikuwa napunguza sauti mamangu asisikie. Lakini fikirieni kazi ya huyo mtu. Mikono iko kwenye besi, na si besi ya kusindikiza, ni besi inayokimbia peke yake. Miguu inakanyaga pedali za kinanda. Na mdomo unaimba mdundo mwingine kabisa. Halafu maneno si yake, ni ya mpiga ngoma, Neil Peart, Mungu amrehemu, alituacha Januari 2020.

Hata jina lake nalipenda. Alipozaliwa aliitwa Gary. Wazazi wake ni Wayahudi wa Poland walionusurika kambi za Manazi, na mamake kwa lafudhi yake ya nyumbani akiita "Gary" marafiki walikuwa wanasikia "Geddy". Jina likashika. Kila mtu aliyelelewa na shosho anayetamka Kiingereza kivyake anaelewa hii.

Mwingine ni James LaBrie wa Dream Theater, watu humtukana kwa matamasha ya katikati ya miaka ya 1990. Hawajui kwamba mwishoni mwa 1994 alikula chakula kibaya akiwa likizo Cuba, akatapika vibaya mpaka akajiumiza nyuzi za sauti, na akaendelea kuzunguka na bendi hivyo hivyo. Kabla ya hapo, Images and Words, 1992, hebu rudini muisikize.

MzeeKibao

Vijana, salaam. Mimi si mtu wa roki. Mwanangu ndiye kanifungulia ukurasa huu kwa sababu aliona jina la Gabriel. Nina neno moja kuhusu huyo Gabriel wenu, mleta uzi umemwacha 1975, na habari yetu sisi inaanzia baada ya hapo.

Mwaka 1982 huyo bwana na wenzake walifanya tamasha la kwanza la WOMAD, kule Shepton Mallet, la kuleta wanamuziki wa dunia nzima. Wakapata hasara kubwa sana, wadai wanamtafuta yeye kwa sababu ndiye mwenye jina. Genesis, wale aliowaacha, wakakubali kurudi naye jukwaani usiku mmoja tu, Milton Keynes, tarehe 2 Oktoba 1982, ili deni lilipwe. Mvua ikanyesha. Yeye akaingia amebebwa ndani ya jeneza. Deni likapungua, WOMAD ikaishi.

Sasa fuateni kamba hiyo. WOMAD ikaishi, ikamchukua Remmy Ongala na Super Matimila kuwazungusha Ulaya. Mwaka 1989 Gabriel akaanzisha lebo ya Real World, na katika santuri za mwanzo kabisa za lebo hiyo imo ya Remmy, "Songs for the Poor Man", yenye "Kipenda Roho" na "Muziki Asili Yake Wapi". Mimi Remmy nilimcheza kwenye kumbi za Dar, viatu viliisha soli. Sura Mbaya mwenyewe. Nilipoishika ile sidii iliyotoka Uingereza nilishangaa, gitaa zimesafishwa, kila mtu anasikika mahali pake, lakini ni yeye yule.

Baada yake akaja Hukwe Zawose, Mgogo wetu wa Bagamoyo, na albamu ya "Chibite" 1996. Na wanawake wa ukoo huo huo, Zawose Queens, wametoa "Maisha" mwaka 2024, lebo ile ile.

Mimi sijui kama huyo mbweha wa gauni jekundu anaimba vizuri. Lakini kama wenzake wasingekubali kulowa mvua usiku ule, sijui hizi santuri zingetoka wapi.

KasetiYaMjomba

Mzee shikamoo. Nimesoma mara mbili. Tamasha la Milton Keynes nilikuwa nalijua, jeneza nalijua, lakini sikuwahi kuliunganisha na Remmy.

NairobiYaBaridi

Mzee, ongeza na wetu. Ayub Ogada, Mjaluo wa nyatiti, "En Mana Kuoyo", 1993, Real World hiyo hiyo. "Kothbiro" imo humo. Aliondoka Februari 2019. Sauti yake ni ya mtu anayeongea na mvua.

KarangaZaMoto

Karanga zimeisha. Nani ana nyingine? Mimi kwa hiari yangu nampa kura Fish wa Marillion kwa sababu ya "Kayleigh" tu. Mwaka 1985, kila aliyeachwa aliulilia. Sababu nimetoa, msinihesabu mpita njia.

MtuWaAleksandria

Nimechelewa, naandika kutoka Muscat, zamu ya usiku.

Mlango wa Shangani kanipa wazo. Mnahesabu waliozaliwa Afrika? Hesabuni vizuri basi. Demis Roussos, yule wazazi wetu walimjua kwa nyimbo za mapenzi na kanzu zake kubwa, kazaliwa Aleksandria, Misri, 1946, wazazi Wagiriki. Kabla ya kanzu alikuwa mwimbaji wa Aphrodite's Child pamoja na Vangelis, na "666" ya 1972 ni prog ya kutisha watoto.

Na mji huo huo, mwaka mmoja kabla yake, wazazi Wagiriki vilevile, alizaliwa Demetrio Stratos. Huyu ndiye jibu langu la swali lenu, na nyinyi wote mtatii mkimsikia. Alikwenda Italia, akaimba na bendi ya Area, albamu ya kwanza 1973. Halafu akaanza kuchunguza koo lake kama fundi anayefungua injini. Alijifunza kutoa sauti mbili na zaidi kwa wakati mmoja, koo moja, hakuna mashine. Watafiti wa chuo kikuu cha Padova walimpima. Rekodi yake ya 1978, "Cantare la voce", ni yeye peke yake, hakuna gitaa, hakuna ngoma. Mara filimbi, mara nyuki, mara mtu anayelia chini ya maji.

Akaugua ugonjwa wa damu. Wanamuziki wa Italia wakaandaa tamasha Milan, tarehe 14 Juni 1979, kuchangia matibabu yake. Akafariki New York tarehe 13. Tamasha likafanyika hivyo hivyo, uwanja ukajaa.

Alikuwa na miaka 34.

Mkosoaji_Mstaafu

Nimemtafuta nikamsikiliza. Hana neno hata moja.

Nimerudia mara tatu.

BintiPangani

Karibu upande wa Clare Torry, mzee.

Nyoka_wa_Kibisa

Na kunguruma je?

Mkosoaji_Mstaafu

Usinichokoze, kijana.

SautiYaTatu

Nimejaribu zile sauti mbili kwa pamoja leo alfajiri, bafuni. Mama watoto kagonga mlango kuuliza kama nimeanguka.

MtuWaAleksandria

Ulitoa ngapi?

SautiYaTatu

Moja na nusu.